Turubai la Michembe

Kambarage, Shinyanga
14 Aprili 2024

Mwanangu Limi,

Salamu zangu zikukute umekula. Mimi ni mzima, mguu tu ndio unaolalamika kukiwa na mawingu, na malalamiko yake nimeshayazoea. Mvua zimetupenda mwaka huu. Viazi vimetambaa mpaka vimeingia kwa jirani, na jirani amenyamaza kwa sababu anajua vikichimbwa atapewa. Shangazi yako Agnetha anakusalimu. Kuku wake ametotoa, na anavyotangaza utadhani amejifungua yeye.

Najua utashangaa kuona karatasi badala ya simu. Nimefikiri nikaona simu haitufai sisi wawili. Nikisikia sauti yako nasahau niliyotaka kusema, nauliza yale yanayokuudhi, nawe unakata. Siku ile nilikuuliza swali moja tu, kama unasali, ukasema mtandao unasumbua. Limi, mtandao haukusumbua. Nilimsikia jogoo wa huko akiwika vizuri kabisa. Karatasi haikatiki. Utaisoma mpaka mwisho, na mimi nitakuwa mbali nisione unavyokunja uso. Herufi zangu unazijua, ni za darasa la nne, zinachechemea lakini zinafika.

Sasa kubwa lililonikalisha. Jumuiya yetu imemaliza kujenga kikanisa. Bati limepigwa, sakafu imemwagwa, mlango mkubwa unatazama mashariki. Padri atakuja kukifungua sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, tarehe kumi na tano mwezi wa nane. Ukuta wa nyuma ya altare uko mtupu. Kwenye kikao katekista Selestine akasema tununue picha ya dukani. Nikasimama. Nikamuuliza, ya dukani ya nini, na mimi nina mwanangu mchoraji? Walipiga makofi, Limi. Hata Selestine alipiga, kwa vidole. Neno limeshatoka na siwezi kulimeza mbele ya watu wale. Utatuchorea Yesu, mkubwa, wa ukuta mzima.

Kuna na dogo. Turubai langu la kuanikia michembe limeoza. Nikianika vipande vya viazi juu yake, unyevu wa ardhi unapanda na vinaota ukungu kabla havijakauka. Nasikia huko migodini yapo mazito, yale ya malori. Ukiona la zamani ambalo mwenyewe hana kazi nalo, nitumie kwa basi. Tutaanza kukata viazi mwezi wa sita.

Usikae karibu na maduara, hayo mashimo ya dhahabu. Kachore sokoni, kachore barabarani. Tangu yaliyompata baba yako kule Mwakitolyo, neno duara silitaki humu ndani hata likitoka kwenye redio.

Unasali?

Mama yako,
Scolastika


Nyarugusu, Geita
2 Mei 2024

Mama, shikamoo.

Barua yako imefika na harufu ya moshi wa jikoni kwako. Niliinusa kwanza, ndipo nikaisoma. Sijambo. Bado nakaa kwenye banda la Masudi, yule mnunuzi wa mawe niliyekutajia. Karasha yake, mashine ya kusagia mawe, aliihamishia ng'ambo ya barabara, banda likabaki tupu na bati lenye matundu. Wengine walilikataa kwa sababu ya hayo matundu, mimi nililipenda kwa sababu hiyo hiyo. Asubuhi jua linaingia kwa nyuzi, linakuta vumbi la mawe lililobaki hewani, na unauona mwanga umesimama katikati ya chumba kama mgeni ambaye hajakaribishwa kiti. Masudi huja na chai yake, anakaa juu ya ndoo, anatazama ninavyopaka, anaondoka bila kuuliza ni kitu gani. Ndiyo maana tunaelewana.

Nimefurahi ulivyosimama kwenye kikao. Nimekuona kabisa, na mkono kiunoni. Lakini unajua sichori sura. Si kwamba siwezi. Chuoni nilichora sura mpaka nikachoka, na kila nikimaliza mtu naona nimechora ngozi tu. Ninachokitafuta kiko mbele ya sura au nyuma yake, sijui. Nasaga mawe meupe yasiyo na dhahabu, yale wanayoyatupa, nachanganya na rangi, napaka, nakwangua, napaka tena, nikisubiri rangi ianze kutoa mwanga yenyewe badala ya kuupokea tu. Siku nyingi inakataa.

Unamkumbuka Bibi, mama yake Baba, alfajiri zake? Alikuwa anajaza maji mdomoni, anayapuliza kuelekea jua likichomoza, kisha anamtaja Liwelelo, Mungu wa wazee. Nilikuwa nasimama nyuma ya kanga yake. Matone yale yakikatiza kwenye jua yalikuwa na kila rangi. Hiyo ndiyo picha ya kwanza niliyoiona maishani, na haikuwa na uso.

Sijasema hapana. Nipe muda. Turubai nitaulizia.

Mguu ufunge kitambaa cha moto jioni.

Mwanao,
Limi


Kambarage
19 Mei 2024, Jumapili ya Pentekoste

Mwanangu Limi,

Nimetoka misani sasa hivi, hata kilemba sijavua. Huku tuko salama isipokuwa vifaranga vya Agnetha. Mwewe amepita navyo, na shangazi yako amekaa msiba kamili, anapokea pole mlangoni. Mguu wangu nimeufunga kama ulivyosema, umetulia.

Naona uliuliza habari za mguu ukasahau swali langu la mwisho. Sawa. Naona pia kwamba kuhusu maduara hukuandika hata herufi moja. Nitajifanya sikuona, lakini nimeona.

Mambo ya bibi yako nayajua kuliko wewe, mimi ndiye niliyekuwa namtekea maji yale. Alikuwa mtu wa Mungu kwa njia yake. Yeye ndiye aliyekuita Limi, jua, kwa sababu ulitoka wakati linachomoza, akasema jina lingine lolote litakuwa uongo. Padri akakuongezea la ubatizo ambalo hulitumii. Lakini habari za Liwelelo usiniletee mbele ya Selestine, ataitisha kikao kingine, na mimi vikao vya benchi mguu unavikataa.

Sasa hiyo ya kutochora sura. Nimeitazama kalenda ya parokia hapa ukutani. Yesu ana moyo unaotoa miale. Miale si ndiyo mwanga? Basi chora miale yako yote unayoitaka, ijaze ukuta kona mpaka kona, sikuzuii. Ila iwe inatoka kwenye mtu. Mwanga lazima utoke kwenye mtu, Limi. Hata kibatari hakijiwashi.

Selestine amekwisha kuupima ukuta kwa kamba. Aliniuliza mbele ya akina mama, mwanao ameanza na kichwa au na miguu? Nikamjibu ameanza na kichwa. Usinifanye mwongo.

Nakuombea kila siku, maana mmoja wetu lazima aombe.

Mama yako


Nyarugusu
24 Juni 2024

Mama, shikamoo.

Nimepona mafua, nakula, na Agnetha mpe pole ya vifaranga ingawa nimechelewa matanga.

Barua hii nampa Masudi mkononi, anakuja Shinyanga kwa Fuso yake. Picha nimeitanguliza kwa basi la jana, kwa sababu Fuso imejaa mafuta na vumbi. Kwa hiyo ukisoma haya itakuwa imelala kwako usiku mmoja tu.

Usishtuke ukiifungua. Haina fremu. Nimeichora kwenye turubai kuukuu la Fuso ya Masudi, lile la kitambaa kizito. Nilitaka kitu kilichokwisha kupigwa na jua na mvua, si kitambaa kipya kisichojua lolote. Litundikeni kwa matundu yake ya kamba, upande wenye rangi utazame mlango. Msiweke kioo. Na maji yasiiguse kabisa, rangi ya mawe haijashika sawasawa.

Ulisema mwanga lazima utoke kwenye mtu. Neno hilo limenikalia mwezi mzima. Nilitaka kulikataa, nikashindwa. Basi nimeuchora mwanga jinsi mtu anavyouona akiwa mahali pamoja. Wachimbaji wananiambia ukiwa chini kabisa ya duara ukainua kichwa, mdomo wake unakuwa mdogo, wa njano, na wewe umo kwenye giza ambalo si jeusi kama watu wanavyodhani. Lina kahawia, lina zambarau, lina kijani cha ukungu. Huoni mti, huoni mtu. Unauona ule uwazi tu, na unajua kwamba huko juu kuna watu wanaolijua jina lako. Ndiyo picha yote. Giza pande zote, na mahali pamoja pa njano, juu kidogo ya katikati.

Mama, sijawahi kukwambia kwa nini nilikuja huku. Ulidhani nimefuata dhahabu kama wengine. Nilitaka kujua Baba aliona nini kabla udongo haujamfunika. Miaka yote hii tunamtaja kama mtu aliyesafiri. Sasa nadhani najua alichokiona, na kilikuwa kizuri.

Sijui kama huko ndiko kusali. Wewe utaniambia.

Limi


Kambarage
7 Julai 2024

Mwanangu Limi,

Asante, na asante tena. Turubai limefika. Kondakta alilitua mlangoni akasema, Mama Limi, mzigo wako wa turubai huu hapa, akaondoka na basi lake likiwa linanguruma. Ni zito, la malori kweli, na matundu yake ya kamba. Hukuweka hata kikaratasi, lakini nimeelewa, ni haraka za kazi. Huku wote wazima. Agnetha ameatamisha kuku mwingine na safari hii amefunika banda kwa chandarua.

Upande mmoja lilikuwa limechafuka rangi. Nadhani ndilo unalofutia brashi zako. Nimelisugua kwa sabuni ya mche na brashi ya kufulia, rangi nyingine ikatoka, nyingine ikagoma. Haidhuru. Upande huo wa rangi umekuwa laini na unyevu haupiti, kwa hiyo ndio nimeuweka juu. Michembe ya mwaka huu inakauka mpaka ukiishika kiganjani inalia. Wanawake wanapita njia ya mbali ili waione.

Ila kuna mahali pana njano, sijui ulimwaga nini, sabuni haikupaweza. Hapo sijaweka kiazi. Nilijaribu, mkono ukarudi. Naanika kuzunguka. Agnetha ananicheka, anasema napoteza nafasi ya ungo mzima. Asubuhi nikitoka kuanika, jua likipapiga pale, huwa nasimama kwanza kabla ya kuinama. Uzee huo, mwanangu.

Sasa picha. Julai inakwenda. Selestine ananitazama kila Jumapili. Nimeshamwambia umefika mabegani. Uitie fremu imara na kioo, nzi ni wengi.

Unasali?

Mama yako


Kambarage
21 Julai 2024

Limi mwanangu,

Leo sina salamu ndefu. Wazima tupo.

Masudi amefika juzi. Kumbe alikaa Nyahanga, Kahama, mkewe Zuwena alijifungua mtoto wa kiume na hakutaka kuondoka kabla hajapewa jina. Barua yako ilikuwa mfukoni mwake muda wote huo. Aliingia kwa mlango wa uani, akanikuta nimeinama nageuza michembe. Nilimwambia karibu baba, akawa hasogei. Akavua kofia.

"Mama," akasema, "hiyo ndiyo picha."

Nilidhani ananitania, nikamuuliza picha gani. Akanipa barua. Niliisoma kisu kikiwa bado mkononi, na nilipofika pale ulipoandika maji yasiiguse, nilikaa chini, juu ya viazi.

Nimeisugua, Limi. Nimeisugua kwa nguvu zangu zote, na nguvu zangu unazijua. Zambarau imebaki kivuli. Halafu kila kipande cha kiazi kimeacha wanga wake, alama nyeupe za mviringo, zimejaa giza lako lote. Maduara madogo madogo. Neno lile lile nisilolitaka nyumbani kwangu, nimelianika mwenyewe kwa mikono yangu.

Pale pa njano hapana kitu. Pako kama ulivyopaweka. Basi sikumziba baba yako. Hilo ndilo ninaloweza kusema juu yake leo.

Nilimuuliza Masudi hao wachimbaji waliokueleza vizuri hivyo ni akina nani. Masudi hajui kudanganya. Akanywa chai, akatazama kuku, akanywa tena. Mwishowe akasema ulishuka mwenyewe, Ijumaa, wenzake walipokuwa msikitini, maana wangekuzuia, wanaamini mwanamke akishuka dhahabu inakimbia. Akasema kamba aliishika yeye na hakupepesa jicho. Nimemgombeza mpaka chai yake ikapoa, kisha nimempa michembe ampelekee Zuwena. Wewe ukishuka tena nitakuja huko na kinu changu, nitwangie pale pale mdomoni mwa duara, tuone nani atachimba.

Nilimuuliza pia kama haoni kasoro picha haina mtu. Akasema kwao msikitini hawachori sura, na hajawahi kuona Mungu amekosa nafasi. Kwa hiyo wa kwanza kukuelewa ni Mwislamu. Selestine asisikie.

Nimeitundika sebuleni, imefunika ukuta na dirisha. Niambie nifanye nini. Andika upesi.

Mama yako


Nyarugusu
8 Agosti 2024

Mama, shikamoo.

Barua zako mbili zilifika pamoja. Nilianza na ya kushukuru turubai. Nilicheka peke yangu, halafu nikatoka nje nikakaa. Sikujibu mapema kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa na maneno ambayo mtoto hamwambii mama yake.

Kushuka ni kweli. Sitashuka tena, nimeshaona.

Usiitundike kanisani. Ikunje, rangi iwe ndani, umpe Masudi akipita tena. Nitaikwangua nianze upya. Waambie wanunue ya dukani, nitawaomba radhi mwenyewe. Sitaki waicheke, na zaidi sitaki wakucheke wewe.

Jambo moja tu linaninyima raha. Pale pa njano. Hukujua kwamba ni picha. Hukujua ni nini. Kwa nini ulipaacha?

Limi


Kambarage
18 Agosti 2024

Mwanangu Limi,

Nakusalimu kwa sauti ya mtu aliyelala vizuri. Agnetha naye anakusalimu, vifaranga viko chini ya chandarua, mwewe anazunguka juu anasikitika.

Barua yako ilinifikia Jumatano jioni, na kikanisa kilikuwa kinafunguliwa Alhamisi asubuhi. Niliisoma. Nikaikunja. Nikasema hii nitaielewa vizuri Ijumaa.

Tuliibeba alfajiri, mimi na Agnetha na vijana wa kwaya, tukaifunga kwa matundu yake kama ulivyoagiza, rangi inatazama mlango. Kisha nikakaa benchi la mbele, maana nilijua nikikaa nyuma nitakimbia. Watu wakaingia. Walikuja wanaimba, na wimbo ukawa unafia mlangoni, mstari baada ya mstari, kila aliyeingia akinyamaza. Selestine alisimama mbele ya ukuta kama mtu anayetafuta namba ya nyumba. Akaja mpaka kwenye benchi langu, akaniuliza, na hakupunguza sauti:

"Mama Limi, Yesu yuko wapi hapa? Si ulisema amefika mabegani?"

Wakacheka. Wewe uliogopa watanicheka, na kweli walicheka. Lakini nilimtazama yule mtu, nikaikumbuka picha ilivyokaa kwangu sebuleni usiku na mchana, na nikaona kumbe siogopi. Nikasimama.

"Katekista," nikasema, "Padri akiinua hostia, wewe pale unaona ndevu?"

Halafu upande wa akina mama kikaanza kitu kama kikohozi, kikawa kicheko, na safari hii hakikuwa changu. Selestine akasema hostia ni jambo lingine. Nikamwambia basi na hili liwe lingine, tukae, misa ichelewe kwa ajili gani?

Padri alikuwa amesikia yote. Alisogea kwenye picha, akauliza zile alama nyeupe ni nini. Nilifikiri kumwambia ni nyota. Nikashindwa kudanganya mbele ya altare. Nikasema, "Ni michembe, Padri," nikamweleza yote, turubai, sabuni, mke wa Masudi kujifungua, yote, watu wote wakisikia. Kwamba ni mdomo wa duara ukitazamwa kutoka chini, nalo nikasema. Na jina la baba yako, Valerian, nikalitaja. Ni mara ya kwanza nalitaja na yaliyompata katika sentensi moja, na sikuanguka. Wapo humu waliozika watu wao hivyo hivyo, na wengine hawakupata hata wa kuzika. Hakuna aliyecheka tena. Padri akauliza kama michembe ilikauka vizuri. Nikasema vizuri sana. Akasema basi mavuno yameshafika kanisani kabla ya wavunaji, akanyunyiza maji ya baraka. Nilimwomba asizidishe, kwa sababu ya rangi.

Katikati ya misa jua lilipanda likapita mlangoni na kufika pale. Sitakueleza ilivyokuwa, wewe ndiye unayejua kueleza mambo hayo. Nitasema tu kwamba Selestine alikuwa anasoma matangazo akapotea mstari.

Usidhani wote wameipenda. Mzee mmoja anasema ni turubai na litabaki turubai, na simpingi, ni turubai. Selestine ameomba tuweke msalaba mdogo kando yake, tumekubali, hata mimi nimeona unapendeza. Lakini kuirudisha haiwezekani. Imekwisha kubarikiwa. Ukitaka kuikwangua uje umwombe Padri, na mimi siku hiyo nitakuwa upande wa Padri.

Umeniuliza kwa nini nilipaacha wazi. Nimekaa na swali hilo tangu Ijumaa, nikikata viazi, nikitwanga, nikifunga mguu. Sijui, mwanangu. Mkono ulifika pale ukaona kama unataka kumfunika mtu uso, na mtu mwenyewe yuko macho. Hivyo tu. Sina maneno ya chuo.

Na mimi lile swali langu sikuulizi tena. Naona nilikuwa naliuliza vibaya.

Jumamosi ijayo ni zamu yangu kukifagia kikanisa. Huwa nafungua mlango mapema, peke yangu, kabla kwaya hawajaja na ngoma zao. Hakuna wimbo saa hizo. Hakuna wa kukuuliza kitu, hata mimi nitafunga mdomo, ingawa Agnetha anasema hilo lingekuwa muujiza wa kwanza wa kanisa letu. Mifagio iko miwili. Njoo na nguo za kazi.

Mama yako,
Scolastika


Nyarugusu
22 Agosti 2024

Mama, shikamoo.

Masudi anapakia kesho asubuhi, na mimi nimo. Barua hii haina wa kuileta ila mimi mwenyewe.

Usianze kufagia kabla sijafika.

Limi